Mistari inavimba ikipona na shedi inakuwa kama masizi, wachora tattoo naombeni msaada

mchoraji_ziwani

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, nachora tattoo huu mwaka wa tatu, nilianzia kwenye mabango na maandishi ya daladala ndo nikahamia huku, kwa hiyo kuchora kama kuchora sio shida, kwenye karatasi simba wangu unaweza ukamkimbia. Shida inaanza nikigusa ngozi ya mtu.

Yaani siku ya kwanza kitu kinatoka safi, mteja anapiga picha anaweka stetasi, watu wanasifia. Wiki ya tano ya sita anarudi, mstari uliokuwa kama uzi umekuwa kama kamba ya kiatu na pembeni una ukungu fulani wa bluu kama daftari lililomwagikiwa maji. Juzi kuna dada nilimwandika jina la mwanae kwa ndani ya mkono, pale saa inapofungwa, sasa hivi a na e zote zimeziba, ukisoma haraka haraka unasoma jina la mtoto wa mtu mwingine kabisa. Nikamrudishia hela yake yote na bado nimeona aibu kupita mtaa anaokaa.

Shedi, yaani vivuli, ndo usiseme. Simba, saa, waridi, si mnajua wateja wetu wanavyopenda hizo tatu, nikimaliza napata vivuli vizuri tu ila ikipona uso wa simba wote unakuwa rangi moja kama kitako cha sufuria ya kuni.

Vifaa vyangu: mashine rotari (ya mota) yenye umbo la kalamu, ya Kichina, ya waya. Katriji (vichwa vya sindano) 1203RL kwa maandishi, 1207RL kwa mistari mingine, RL ni zile sindano zilizofungwa duara za mistari, shedi magnamu ya 9, sindano zilizopangwa safu. Volti naweka 9 kwa kila kitu maana kuna jamaa nilimwona YouTube anatumia 9. Chumba kina feni tu. Nimefikiria niiuze hii mashine niongezee nichukue ya maana, kama kuna anayeitaka aje inbox, lakini kabla sijafika huko naombeni waliotangulia waniambie nakosea wapi.

boss_wa_kitaa

Mashine za Kichina hizo unategemea nini mkuu. Nunua kitu cha maana, ubahili ndo unakuponza.

mja_wa_kweli

Badala ya kuomba msaada wa kuharibu miili ya watu ungeomba toba.

mzee_wa_sindano

Mdogo wangu mchoraji_ziwani usiuze kitu. Mimi niko Dar, Sinza, nimechora kwa mashine ya koili enzi zile inapiga kelele kama cherehani bovu, nikachora na hizo hizo za Kichina, na kazi zangu mbaya kuliko zote nilizifanya na mashine ya bei kubwa kuliko zote kwa sababu nilidhani inajua kuchora yenyewe.

Anza na kujua wino unakaa wapi. Ile ngozi ya juu inayotoka ukijisugua na dodoki ni nyembamba sana, ukiishia hapo wino unabanduka nayo ndani ya wiki chache, ndo zile tattoo zenye mapengo. Chini yake ndo kwenye nyumba ya wino, milimita moja mpaka moja na nusu sehemu nyingi za mwili umeshafika, mbili umekaribia ukuta wa nyuma. Ukipitiliza unaingia kwenye mafuta, na mafuta hayashiki wino, unasambaa unakotaka. Ule ukungu wa bluu ndo huo. Mwenzangu hapo juu anakwambia ununue mashine, ukienda na mkono huo huo utatoboa mafuta kwa mashine ya milioni.

Sasa pale saa inapofungwa ngozi ni kama ya kitunguu, wewe umempelekea volti 9 na sindano tatu nene. Zile namba kwenye katriji wengi hatuzisomi. Mbili za mwanzo ni unene wa sindano moja moja, 12 ni milimita 0.35, 10 ni 0.30, 08 ni 0.25, halafu zinazofuata ndo idadi. Kwa hiyo 1203 ni tatu nene, 1003 ni tatu za kati. Kwa jina dogo mkononi mimi naenda 1003. Lakini usije ukakimbilia 0803 ukadhani umepona, sindano nyembamba inazama kirahisi kama wembe mpya, mkono mzito utaharibu zaidi. Na herufi zenyewe ulizipanga ndogo mno, kila mstari unanenepa kidogo kadri miaka inavyokwenda hata ukichora kama malaika, kwa hiyo tundu la e liachie nafasi toka kwenye stensili, ule mchoro unaobandika kwenye ngozi kabla ya kuanza. Mteja akikuambia nataka kadogo kadogo mwambie kadogo kadogo hakasomeki.

Kuvuta ngozi je? Hujasema chochote kuhusu kuvuta, na mimi nikiona mtu anaeleza vifaa vyote halafu hajataja mkono wa kushoto najua tatizo liko hapo. Ngozi ivutwe mpaka ikaze kama ya ngoma, dole gumba na kidole cha shahada vya kushoto vinavuta huku na huku, na ubavu wa mkono unaochora nao unavuta upande wa tatu. Ngozi ikiwa imelegea sindano inaisukuma kwanza ndo inaingia, leo imeingia sana hapa, pale haikuingia, na wewe unarudia mstari mara ya pili mara ya tatu, na ukirudia ndo umetoboa.

Volti usikariri ya mtu wa YouTube. Mota zinatofautiana, 9 ya kwake kwako inaweza kuwa 7. Angalia mstari wenyewe: ukitoka na vidoti vidoti mkono unakimbia kuliko mashine, ukitoka umechanika na damu nyingi mashine inakimbia kuliko mkono. Unapandisha au unashusha nusu nusu mpaka vipatane. Mimi na mashine kama yako ningeanza 7 na nusu kwa mistari, shedi chini ya hapo.

Na kagua waya wako kabla hujalaumu kingine. Ukiutikisa mlio wa mashine ukibadilika, ujue umeme unaingia na kutoka na mstari wako unanenepa na kukonda wenyewe.

mchoraji_ziwani

Dah mzee umenimaliza. Kuvuta ngozi navuta ila kwa mkono mmoja tu, tena nikichoka naacha. Waya nimetikisa sasa hivi na kweli mlio unabadilika, nilikuwa naufunga na selotepu nikajua yameisha. Swali, nawezaje kujua nimefika hiyo milimita moja na nusu, si siwezi kupima?

mzee_wa_sindano

Hupimi, unasikia. Kwanza usitoe sindano nje kama mkuki halafu ukategemea mkono ujue pa kusimama, zungusha gripu (pale pa kushikia) mpaka sindano inayochomoza ikae milimita mbili hivi, hata ukisinzia haiwezi kwenda mbali. Halafu sikiliza, ikiwa mahali pake mlio unashuka kidogo na unasikia mtetemo kwenye ile ngozi uliyoivuta. Damu kidogo sana ni kawaida, ukiona inachuruzika umepita. Mengine unayapata kwenye mazoezi. Nenda kwenye bucha la kitimoto uombe ngozi ya paja, inafanana na yetu kuliko kitu kingine chochote, chora halafu kata kwa wembe uangalie wino umeishia wapi. Hutasahau. Ila katriji ya mazoezi ni ya mazoezi, isirudi kwa binadamu, na meza usafishe kama umepasua samaki juu yake.

abuu_chora

Wengine kitimoto hatugusi mzee 😂 kuna shuka za silikoni zinauzwa mtandaoni, hazifanani sana maana hazitoi damu wala hazivimbi, ila kwa mistari zinatosha. Na chungwa. Chungwa likitoa maji umezamisha sana, halina siri.

koni_ya_mombasa

Mie si mchora tattoo, napaka hina na piko maarusi hapa Mombasa mwaka wa kumi na moja, nimepita tu nikaona nikae. Nyinyi mwazungumza sindano sana, lakini huyu ndugu yetu asema mstari, na mstari ni mkono na pumzi.

Mie sichori kwa vidole. Vidole vina tetemeko lake hata uwe hujanywa kahawa. Kiwiko na bega ndivyo vyapeleka, vidole vyashika tu. Kidole cha mwisho chakaa juu ya ngozi ya bibi harusi toka mwanzo hadi mwisho, chateleza pamoja nami, bila hicho mkono waelea. Na macho hayaangalii ncha ya koni ya hina, yaangalia pale mstari utakapofika, mkono utafuata wenyewe, kama mtu avukaye barabara haangalii viatu. Kabla sijagusa napita hewani mara moja mbili njia ile ile. Kisha nashusha pumzi, nachora nikiitoa pole pole. Mstari mrefu waukata penye kona au penye ua, si katikati, ili maungio yasionekane, na ukianza tena waingia ukiwa tayari watembea, usitue kama nzi ukakanyaga tone.

Mazoezi yangu, mama aliyenifunza alinifungia betri nene ya tochi kwenye kalamu kwa mpira, nikawa nachora miduara na mistari ya sambamba kurasa nzima. Ukivua ile betri kalamu ni kama unyoya.

Na kwa kuwa mpo hapa, mwambieni mteja akija na alama ya piko jeusi lile la kuchanganywa na dawa ya nywele, ngozi ikiwa na malengelenge msichore juu yake. Ile dawa yachoma, nimeona maarusi wawili mikono imevimba wiki nzima.

mchoraji_ziwani

Dada asante sana, hii ya kutua kama nzi ndo mimi mtupu. Mwanzo wa kila mstari wangu kuna kidoti kinene nilikuwa nafikiri ni wino mzito.

wino_wa_nai

Niaje. Mimi niko Nairobi, shading ndiyo kazi yangu, lines nawaachia wenye subira. Pole kwa Kiswahili cha huku.

Buda shida ya huyo simba wako si mashine na wala si mkono. Unamchora kama unamchora kwa karatasi nyeupe. Wino uko ndani, rangi yetu iko juu ya wino, si chini. Kila kitu ulichochora mtu anakiona kupitia kioo cha rangi ya chai. Kwa hivyo yale majivu mepesi unayoyaona ukimaliza, ikipona kioo kinayameza, majivu ya katikati yanakuwa meusi kidogo, meusi yanabaki meusi, unabaki na rangi mbili zimekaribiana na uso mzima unakuwa masizi kama ulivyosema.

Kwa ngozi nyeusi rangi yako nyepesi kuliko zote ni ngozi yenyewe. Hauna nyingine. Iache. Mimi kabla ya kuanza nachukua peni ya rangi nazungushia sehemu ambazo sindano haitagusa kabisa: juu ya pua ya simba, mfupa wa shavu, chini ya jicho, ncha za manyoya. Karibu thuluthi ya mchoro inabaki wazi. Mteja atakuambia haijaisha, mwambie arudi baada ya miezi miwili tuongee. Na simba awe mkubwa, jamaa akitaka simba wa saizi ya chapati ndogo na saa na waridi na jina la mamake hapo hapo, mkatalie moja wapo.

Wino natengeneza vikombe vitatu lakini kile chepesi sana nilikitupa zamani. Nina mweusi kamili, nina wa katikati, nina mmoja mwepesi kidogo. Maji ya kupunguzia wino ni yale safi ya kuchemshwa kiwandani ya duka la dawa, si ya mfereji, tafadhali.

Sasa mkono. Magnamu yako ni ile bapa ama iliyopinda? Bapa kona zake zinakata ngozi, ndiyo unapata mistari mistari kwa kivuli. Tafuta iliyopinda. Ishike imelala kidogo, duara ndogo ndogo ama kwenda na kurudi kama pendulamu, usisimame mahali. Unaanzia penye giza unainua ukienda penye mwanga, unainua mkono ndiyo kivuli kinapotea, si kwa kubadilisha kikombe. Na ukitaka isife haraka, tumia vidoti. Chukua 7RL, shusha volti, peleka mkono haraka kuliko mashine makusudi, ule ufagio wa vidoti unaachia ngozi katikati ya doti na doti. Ikipona bado inapumua. Kwa watu weusi sana mimi nafanya hivyo kuliko magnamu.

Moja ya mwisho na hii haisemwi. Hizo video za wazungu wanasema ukiona ngozi imekuwa nyekundu acha. Kwetu nyekundu haionekani, utangoja na haitakuja. Pitisha kidole na glovu, ukisikia imeinuka kama imeumwa na mbu na inang'aa, hapo umemaliza kwa leo hata kama haijajaa. Ukiendelea ni kovu.

mtwara_tu

Hii ya kuacha ngozi wazi bibi zetu walishaijua. Bibi mzaa baba Mmakonde, alichanjwa usoni akapakwa unga wa mkaa, mistari minene ya pembe pembe na katikati nafasi kubwa. Amefariki mzee kabisa na mistari yake ulikuwa unaiona ukiwa ng'ambo ya ua.

wino_wa_nai

@mtwara_tu hiyo ndiyo darasa sasa.

@mzee_wa_sindano nakuheshimu lakini kusema mstari usirudiwe si kweli kwa kila kitu. Mstari mnene wa bega na 9RL mimi napita mara mbili na unakuwa mweusi tii.

mzee_wa_sindano

Sikusema usirudiwe popote, namwongelea huyu na ule mkono wa dada wa watu. Begani nyama ipo, rudia. Ndani ya mkono, kifundo cha mguu, nyuma ya sikio, mbavuni, ukikosa mara ya kwanza mwache apone wiki sita ndo umfanyie tachapu, yaani marekebisho. Mwanafunzi ukimpa ruhusa ya kurudia atarudia mpaka kwenye kope.

nesi_wa_zamu

Mnaongea ufundi mzuri ila hamjataja keloidi. Muulizeni mtu kabla kama akitoboa sikio au akikatwa kidogo anaota kovu la kuvimba, na kama kwao wapo wenye nayo. Kifuani, mabegani na masikioni ndo kunapenda kuota. Akisema ndiyo, wewe fundi mzuri ni yule anayemwambia nenda nyumbani. Na sindano zikitumika ziingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, siyo kwenye mfuko wa rambo na maganda ya ndizi. Homa ya ini B haihitaji damu unayoiona kwa macho.

mchoraji_ziwani

Nimewasikia wote. Swali dogo la stensili, huku joto na jasho, nikifika nusu stensili imeshafutika nabahatisha. Hapo ndo mistari inapinda.

abuu_chora

Unaharakisha. Nyoa, safisha na spiriti, acha pakauke kabisa, bandika, halafu mteja akae robo saa chini ya feni asiguse. Anza kuchora chini upande wa mkono wako wa kulia kama unatumia kulia, ukielekea juu, ili mkono usilalie stensili ambayo hujaifikia. Na usifute, gandamiza tishu tu. Mafuta ya mgando weka kama unapaka mkate wa mtu usiyempenda.

mchoraji_ziwani

Wadau narudi na mrejesho, imepita miezi miwili na siku kadhaa. Waya nilibadilisha kwa elfu kumi na tano, nusu ya matatizo yakaisha siku hiyo hiyo nikajiona mjinga. Ngozi ya kitimoto nilichora tatu, ile ya kwanza nilipoikata na wembe wino ulikuwa umefika kwenye mafuta meupe kabisa, nikakaa chini. Sasa hivi nimeweka 7 kwa mistari na gripu nimeifunga, na ile betri ya tochi mke wangu ananicheka kila usiku.

Kazi zilizopona mpaka sasa ni nne. Maandishi mawili yamekaa kama yalivyotoka, tundu za e zipo. Mstari mmoja kwenye kifundo cha mguu umenenepa kidogo upande wa nyuma, pale nilishindwa kuvuta maana jamaa alikuwa anacheka anatekenywa. Simba nilimchora mmoja tu, mkubwa, begani, nikamwachia mashavu wazi na manyoya nikayapiga vidoti. Mwenyewe alilalamika wiki mbili nzima kwamba nimemlia hela simba hajaisha. Jana kanitumia picha hajaandika chochote, kaweka moto tatu na kaniulizia bei ya bega la pili.

Yule dada wa jina bado hajakubali nimguse. Nimemwambia nikishamaliza ishirini zilizopona nitamtumia picha achague mwenyewe.

boss_wa_kitaa

Mkuu ile mashine bado unauza? Nina laki mkononi.

mchoraji_ziwani

Siuzi.